Kurasa Nilizoziruka

Jumapili, 2 Juni 1957

Kaptula sita za askari kabla ya kanisa. Makaa mabichi, moshi wote machoni. Baada ya ibada, kikao chetu cha vitabu nyuma ya kibanda changu cha dobi, hapa Bondeni. Watu wanne, kama kawaida. Tukizidi watano askari hupita kutazama kama tunakula kiapo cha Mau Mau. Tunakula viazi tu.

Naandika hapa ili ijulikane: katika Nakuru nzima ni mimi peke yangu niliyesoma Kisima cha Kombo, vitabu vyote vitatu, kwa sauti, neno kwa neno, bila kuruka hata nukta.

Nimeisoma hiyo sentensi mara mbili. Inapendeza. Ni uongo.

Vitabu viwili vya kwanza, kweli. Cha tatu niliruka kurasa kumi na nne. Kutoka thelathini na moja mpaka arobaini na nne. Zote ni mashairi, Kiswahili cha pwani cha ndani kabisa, maneno yamefungana kama kamba yenye mafundo. Mimi shule ya misheni niliiacha darasa la tatu, mwalimu akiwa ndiyo kwanza anatishia kutufundisha mashairi. Basi siku ya Pasaka, mbele ya wenzangu, nilifika ukurasa wa thelathini, nikalamba kidole, nikafunua fungu zima kama mtu anayefunua ukurasa mmoja. Hakuna aliyeona. Kati yetu ni mimi tu ninayejua kusoma. Raha ya kuwa na chongo kwa vipofu.

Lakini hadithi ilivunjika. Katika kitabu cha kwanza na cha pili Kombo anachimba kisima kwa mikono yake, anagombana na jumbe kwa ajili yake, anampa maji hata adui. Ukurasa wa arobaini na tano, ghafla, anakifukia kwa mawe. Sababu hakuna. Wote walikasirika. Mama Njeri alisema mwandishi ni mlevi. Mimi nikakubali kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hoja ya leo: kitabu cha nne hakijaja. Nyuma ya cha tatu imeandikwa kitafuata upesi. Huu mwaka wa pili tangu kichapwe. Je, tuendelee kungoja, au tusome tena cha tatu kilichotuudhi?

Mama Njeri, muuza uji, alisema uji ulioungua yeye haonji mara mbili. Koech, anayeleta maziwa kwa baiskeli kutoka Njoro, alisema kitabu si uji, kitabu ni ng'ombe. Akikupiga teke leo, kesho unamkama tena.

Aliyenitia jasho ni mzee Barasa. Barasa ni mlinzi wa geti la reli, pale barabara inapokata njia ya gari la moshi. Maneno machache, masikio makubwa. Alisema, "Kombo ninamjua. Hawezi kufukia kisima bure. Kuna mahali hatukusikia. Turudie, Kilonzo. Polepole."

Nikaona nimeshikwa. Kinywa changu kikafanya kazi yake bila kuniuliza. "Nani hakusikia? Ni wewe hukusikia, mzee. Ulilala! Ulikoroma tangu ukurasa wa thelathini."

Mama Njeri akadakia, utani tu, hana habari ya lolote: "Kama gari la mizigo likipanda milima ya Mau!"

Tukacheka. Barasa hakucheka. Aliangalia viatu vyake.

Hoja ikafa. Nimeokoka.

Jumatatu, 3 Juni

Upepo kutoka ziwani, na vumbi la magadi. Mashuka manane ya nyumba ya wageni yamekuwa kama yamepakwa unga. Nimefua upya.

Jioni nilifungua ukurasa wa thelathini na moja. Mstari wa kwanza una maneno matano. Mawili nayajua, na moja la hayo mawili ni "na". Nimefunga.

Jumatano, 5 Juni

Barasa amepita kibandani saa nne, na sare yake ya reli begani. Hakuwa na haja ya kuileta, mimi huifuata mwenyewe Ijumaa. Alisimama. Akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Kweli nilikoroma?"

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Mtu mwenye akili angepita hapo. Mimi nikasema, "Kama simba mwenye mafua."

"Muda gani?"

"Nusu saa hivi. Hata nzi waliondoka kwa heshima."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema miaka kumi na tisa getini hajawahi kusinzia hata mara moja, au ndivyo alivyokuwa akidhani. Kisha akasema neno ambalo limekataa kutoka kichwani mwangu tangu asubuhi: "Lakini mtu akilala bila kujua amelala, atajuaje?"

Nikachochea makaa.

Ijumaa, 7 Juni

Koech anasema Barasa sasa anakaa getini kwa kusimama. Kiti chake amekigeuza miguu juu. Anakunywa chai kavu nyeusi kama lami. Asubuhi, Koech akipita na maziwa, Barasa humsimamisha na kumuuliza, "Umenikuta macho?" Koech anamwambia ndiyo. Barasa anauliza, "Una hakika?"

Nilicheka. Koech akacheka kwa sababu nimecheka. Halafu nikamgeuzia mgongo nikashika pasi, na yeye hajui kwa nini.

Jumapili, 9 Juni

Barasa hakuja. Ni mara ya kwanza tangu tuanze.

Tulibishana bila yeye, ladha hakuna. Koech alisema hadithi isiyo na mwisho ni ng'ombe aliyekamwa matiti matatu akaachiwa la nne, usiku kucha unasikia akilia. Yeye kila kitu ni ng'ombe. Mama Njeri alisema mwandishi ama amekufa ama amepata hela, na yote mawili humzuia mtu kuandika. Mimi nikasema kurudia kitabu kibaya ni kama kumrudia mke uliyemwacha.

Koech akasema, "Baba yangu alimrudia. Ndipo nikazaliwa mimi."

Wakanicheka. Nilistahili.

Mama Njeri aliuliza mgonjwa wetu wa usingizi yuko wapi. Nikasema labda amelala. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, na wakacheka tena.

Jumatatu, 10 Juni

Sina mkono wa kuandika lakini naandika.

Barasa amekwenda mwenyewe kwa msimamizi wa njia. Hakuitwa. Hakushtakiwa na mtu. Ameweka bendera mbili mezani, nyekundu na kijani, na taa yake, akasema ana ugonjwa wa kulala bila kujua, na geti la reli halitaki mtu wa namna hiyo, kwa sababu wanawake hupita pale na watoto mgongoni. Msimamizi alimsifu kwa ukweli wake. Akamrudishia bendera na taa mpaka Jumamosi, mlinzi mwingine atakapoanza. Barasa atarudi kwao Bungoma, na huko nyumba haijamaliziwa.

Koech ndiye aliyeniletea habari, maziwa yakimwagika kwenye baiskeli na yeye haoni.

Mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua ameacha kazi kwa ajili ya uongo wa dobi.

Nimeunguza shati la karani. Kola yote.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda getini. Nimesema. Nilisema wazi: hukulala, Barasa, hukukoroma, ulikuwa mzaha wangu.

Alinishika bega. Akasema, "Asante, Kilonzo. Wewe una maneno mengi lakini moyo wako ni mzuri."

Anadhani namwonea huruma! Nikaapa. Akasema hata Mama Njeri alisikia. Nikasema Mama Njeri ni mropokaji kama mimi. Akatabasamu kama mtu anayetabasamia mtoto anayemletea ua. Akasema, "Kama sikulala, mbona sikumbuki sababu ya Kombo kufukia kisima?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia habari ya kurasa. Sikumwambia. Miaka mitano wananiita mwalimu kwa utani, na mimi nimekuwa nikiitika bila utani.

Nikamwambia upepo ni mkali leo. Nikaondoka.

Nimeishi miaka sitini na ushee nikidanganya watu wakiamini. Siku moja nasema kweli, nusu yake, hakuna mnunuzi.

Jumatano, 12 Juni

Nimefikiri siku nzima, pasi mkononi. Nikimsomea zile kurasa akiwa peke yake, atasema: unaona, hayo yote sikuyasikia, nilikuwa nimelala. Itakuwa mbaya zaidi. Lazima Koech na Mama Njeri wawepo. Lazima nao waseme hawajawahi kuyasikia. Yaani lazima wote watatu wajue kwamba mwalimu wao hajui kusoma mashairi.

Na kabla ya hapo mwalimu lazima ajue kuyasoma. Zimebaki siku mbili kabla ya mlinzi mpya kuanza.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kwa Bi Salama, muuza mahamri wa karibu na msikiti. Amezaliwa hapa hapa, lakini mama yake alikuwa wa pwani na nyumbani kwao waliongea hivyo. Hajui herufi zetu za kizungu. Tukagawana kazi. Mimi natamka, yeye anaeleza.

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Unasoma kama unakanyaga miiba, baba. Weka mguu! Shairi lina mwendo." Akanipigia mwendo kwa kijiko kwenye karai. Nikarudia. Akanifokea. Nikarudia. Mtoto wa darasa la tatu mwenye mvi.

Tumemaliza kurasa zote kumi na nne saa kumi jioni. Ukurasa wa arobaini alikuwa hacheki tena. Alikuwa amefunika uso kwa pembe ya kanga, na mahamri yanaungua.

Ni barua ya Kombo kwa mama yake, kwa mashairi. Jioni moja alichota maji, akaacha kisima bila kifuniko. Mtoto wa jirani akatumbukia, akafa. Mama wa mtoto alijilaumu mwenyewe, na Kombo akanyamaza. Watu waliendelea kumsifu kwa kile kisima, kila siku, na kila siku anawaitikia. Mwisho akakifukia.

Kwa hiyo sababu ilikuwepo tangu mwanzo. Mwandishi hakuwa mlevi.

Sikulipenda hilo shairi. Lilikuwa linaniangalia.

Ijumaa, 14 Juni

Nimemwomba Mama Njeri afunge sufuria mapema. Nimemwomba Koech abaki mjini. Hawakuuliza, walidhani tunakwenda kumuaga. Saa tisa tulikuwa getini, tumekaa juu ya mataruma, yale magogo ya zamani ya reli. Barasa alikuwa kasimama.

Nikasema, "Leo nasoma kuanzia ukurasa wa thelathini na moja." Nikasoma. Miiba ilikuwepo, lakini niliweka mguu. Palipokuwa pagumu nilieleza kama Bi Salama alivyonieleza.

Katikati Barasa akainua mkono. Nikanyamaza. Akaenda, akavuta geti, akaligonga komeo, akashika bendera. Sisi hatukusikia kitu. Jua tu, na nyasi. Muda wa kumenya kiazi kizima ukapita, ndipo honi ikalia mbali upande wa Njoro.

Mama Njeri alisema kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye anayelala?"

Mabehewa ya ngano yakapita. Akafungua geti. Akasema, "Endelea."

Nilipomaliza, Mama Njeri akageuka mzima mzima kunikabili. "Haya sijawahi kuyasikia. Hata mstari mmoja. Kwa hiyo na mimi nililala, wewe mzee?"

Koech akasema, "Hata mimi."

Nikasema hapana. Hakuna aliyelala. Niliziruka. Zilinishinda, nikaona aibu, nikaziruka.

Nilitaka kuongeza mzaha. Nilikuwa nao, tayari kabisa, mtamu. Niliumeza. Nadhani ni mara ya kwanza nameza mmoja tangu nizaliwe.

Mama Njeri aliniita jina ambalo sitaliandika, na baba yangu akapata sehemu yake. Halafu akakumbuka kwamba naye alidakia lile neno la gari la mizigo, akaanza kulia kwa hasira. Koech alikuwa anang'oa nyasi, moja moja.

Barasa alikaa chini. Alikigeuza kile kiti chake akakikalia, taratibu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Nilimngojea anitukane. Alisema, "Soma tena pale anapofukia."

Nikasoma pale anapofukia. Ni ukurasa ule ule tulioudharau Pasaka. Maneno yale yale. Lilikuwa jambo jingine kabisa. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu, na watu wanampigia kelele wakidhani amerogwa.

Koech alisema ndicho kitabu kizuri kuliko vyote vitatu. Tulikuwa tumemtukana yule mwandishi miezi miwili kwa kosa langu.

Barasa akasema, "Basi sikulala."

Hakuniambia mimi. Alikuwa anaiambia njia ya reli.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi na mapema tumekwenda naye kwa msimamizi. Nilivaa koti. Nilieleza yote, nikasimama kama mshtakiwa. Msimamizi alisikiliza, akatabasamu mahali ambapo hapakuwa na kichekesho, akasema ni hadithi nzuri sana. Lakini barua imekwenda Nairobi tangu Jumanne. Na barua inasema mzee huyu amekiri mwenyewe kwa kinywa chake. Nani huko ataamini kwamba mtu aliacha kazi kwa sababu ya kitabu cha hadithi?

Nikasema wamwite daktari. Akasema umri wake nao umefika. Mlinzi mpya alikuwa tayari yuko nje, na kofia yake mpya.

Barasa hakuomba. Alimweleza yule kijana mahali komeo la geti hukwama wakati wa mvua.

Njiani nilimwambia nimemharibia maisha. Alitembea kidogo. Akasema, "Kazi ni kazi, ingeisha. Lile jingine ndilo baya. Wiki mbili nimekiogopa kitanda changu mwenyewe."

Heri angenipiga.

Jumanne, 18 Juni

Mama Njeri hapiti tena mbele ya kibanda. Anazunguka kwa fundi viatu, safari ndefu, na debe la uji kichwani. Nimefua. Nimepiga pasi. Nimekula nikiwa nimesimama.

Nilifikiri nitafute mtu wa kuandika barua Nairobi. Kisha nikakumbuka ninajua kuandika. Nimeandika kurasa mbili. Sijui nimtumie nani.

Alhamisi, 20 Juni

Barasa ameondoka leo kwa gari la Uganda, atashuka Bungoma. Alitaka kwenda stesheni na Koech peke yake, kwa sababu ya mizigo, alisema. Nilielewa. Nimekwenda kusimama getini badala yake.

Kijana mpya alifunga geti mapema mno, ng'ombe wakajaa barabarani mpaka karibu na maduka. Gari likaja. Barasa alikuwa dirishani, kichwa nje. Aliangalia kwanza bendera, kama iko juu sawasawa. Kisha komeo. Kisha akaniona. Aliinua mkono, kimo cha bega hivi, akaushusha.

Nilikuwa nimempa kitabu cha tatu jana yake, akaweke kwao. Alikirudisha kwa Koech, na maneno haya: huko hakuna wa kunisomea kama Kilonzo.

Sijui kama ni sifa. Kwa namna anavyosema mambo, ni sifa. Ndiyo inaniuma.

Jumapili, 23 Juni

Mvua kidogo asubuhi, vumbi limelala. Koech alikuja baada ya kanisa. Hatukusoma. Tulikula viazi. Aliuliza kama nadhani cha nne kitakuja, nikasema sijui, na ilikuwa kweli, akaniangalia kama anayesikia lugha ngeni. Mama Njeri amepita mbele leo, hakuzunguka. Alinisalimu kwa kidevu.

Koech ameahidi kupata anwani ya Bungoma kwa mtu wa posta. Nitanakili haya kwenye kadi, kwa mwandiko mzuri.

Barasa. Siku ulipomwoza binti yako nilikaa na pasi tangu alfajiri kwa ajili ya shati lako, ukalimwagia chai mlangoni pangu, nikalivua mwilini mwako nikalirudia lote. Ulisema, Kilonzo, iko siku utaniomba kitu kidogo na sitakataa. Sijawahi kuomba. Naomba leo. Mwambie mwanao aniandikie mstari mmoja tu, aniambie kama unalala.